Kiwanja Kilicholala na Mgonjwa Aliye Macho

Saa ya Mswahili haianzi usiku wa manane. Huanza jua linapochomoza, na huanza upya jua linapotua. Ndiyo maana mzungumzaji wa lugha hii hutaja saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, akiiita milango miwili ya siku kwa jina moja. Mjini Garissa, kusini kidogo tu mwa mstari wa Ikweta, saa hiyo haikosei. Mwaka mzima jua hutua muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni, na likichelewa au likiwahi, ni kwa robo saa hivi. Giza halibishi hodi. Huingia mara moja, likalala juu ya Mto Tana na juu ya mbuga zote za kuelekea Wajir, Mandera na mpaka wa Somalia.

Kwa saa hiyohiyo hufungwa viwanja vidogo vya ndege. Kiwanja kisichokuwa na taa huruhusu ndege kutua na kuruka kwa macho ya rubani peke yake, na macho hayo yanahitaji nuru. Kwa hiyo saa rasmi za viwanja vingi vya murram katika Kaskazini Mashariki ni saa za jua: kuchomoza hadi kutua. Hakuna anayeona ajabu katika kanuni hii. Ajabu huonekana pale mtu anapougua saa mbili za usiku.

Chukulia, msomaji, mama mja mzito aliyepatwa na uchungu katika manyatta iliyo mbali na Elwak au Takaba. Uchungu umeanza alasiri. Mkunga wa jadi amejaribu, na kufikia magharibi ametambua kwamba mtoto amekaa vibaya na kwamba damu inatoka kuliko kiasi. Gari linapatikana, nalo linamfikisha mama kwenye zahanati saa moja ya usiku. Muuguzi anajua la kufanya: mama huyu anahitaji chumba cha upasuaji, daktari na damu. Barabara ya kwenda hospitali kubwa ni ndefu, na wakati wa usiku ina vizuizi na hatari ambazo kila mkazi wa eneo lile anazijua. Nje ya mji, mwendo wa dakika chache tu, upo uwanja ulionyooka ambao ndege ndogo ingeweza kutua. Uwanja huo umelala. Utaamka saa kumi na mbili asubuhi. Je, mama naye atafika asubuhi?

Hoja inayotetewa hapa ni moja: viwanja vidogo vya ndege vya Garissa, Wajir na Mandera viwekewe utaratibu ulioandikwa, unaojulikana na kila mtu, wa kufunguliwa nje ya saa zake rasmi kwa ajili ya kuokoa maisha. Kanuni ya kufunga usiku isivunjwe. Iongezewe mlango, na mlango huo uwe na ufunguo, mwenye kuushika, na daftari la kuandikia kila anayepita.

Huenda msomaji akadhani kwamba suala la kutumia viwanja nje ya saa rasmi ni tatizo la nchi maskini. Sivyo. Barani Ulaya marubani wa ndege ndogo wamelijadili kwa miaka mingi, na kila nchi imelijibu kwa namna yake. Nchini Uingereza vipo viwanja vidogo vinavyomruhusu rubani aliyezoeleka kutua au kuruka baada ya saa za kazi, mradi awe ametia saini hati ya kuibeba dhima mwenyewe iwapo litatokea lolote. Nchini Ufaransa viko viwanja vingi visivyokuwa na mwongoza ndege kabisa. Marubani hutangaziana kwa redio mahali walipo na wanakoelekea, wakapishana kwa adabu kama wapitanjia kwenye ujia mwembamba. Ujerumani kwa miaka mingi ilishikilia msimamo mkali zaidi: sharti awepo mtu kiwanjani wa kuangalia, la sivyo ndege isitue.

Hata hivyo, kuna tofauti ya msingi ambayo haifai kupuuzwa. Katika nchi hizo jua la kiangazi huendelea kuwaka hadi saa tatu au saa nne za usiku. Kiwanja kinapofungwa saa kumi na moja jioni, nuru bado ipo tele. Kinachokuwa kimekwisha ni zamu ya mtumishi, au muda wa kikosi cha zimamoto, au uvumilivu wa majirani wasiotaka kelele za injini juu ya bustani zao. Saa zile ni za binadamu, na binadamu anaweza kujadiliana nazo. Garissa hakuna jirani anayelalamikia kelele za ndege. Saa za huko ni za jua, na jua halijadiliani na mtu. Tena, yule wa Ulaya anayetaka kutua kiwanja kikiwa kimefungwa mara nyingi ni mtu anayerejea nyumbani kutoka matembezini. Akikataliwa, atatua kwingine na kukodi teksi. Mama wa Takaba hana kwingine.

Mfano ulio karibu zaidi na hali ya Kaskazini Mashariki unapatikana mbali kabisa, katika jimbo la Alaska nchini Marekani. Mwishoni mwa Agosti 2019 ndege ya wagonjwa iliitwa usiku kumchukua mtoto katika kijiji cha Igiugig, chenye wakazi wapatao 70. Taa za kiwanja zilikataa kuwaka. Wanakijiji wakapigiana simu, wakatoka na magari yao takriban 20, wakayapanga kando ya njia ya kurukia na kuwasha taa zake. Rubani akaona mstari wa nuru, akatua, akamchukua mtoto na kuondoka. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na usiku ule kijiji kizima kilikuwa kinga.

Kisa hicho kinapendeza kusimuliwa, lakini kinafundisha mambo mawili yanayokinzana. La kwanza ni kwamba watu wa kawaida wakiwa na nia wanaweza kuliangaza giza. La pili ni kwamba kijiji kile kilikuwa tayari na kiwanja kilichoruhusiwa kutumika usiku, taa zilizokuwa na kawaida ya kuwaka, rubani mwenye mafunzo ya usiku, na namba ya simu iliyojulikana. Magari yaliziba pengo moja. Yasingeweza kuziba mapengo yote kwa pamoja. Anayesema kwamba Garissa inahitaji tu watu wa kuleta magari na tochi anasifu ushujaa wa watu ili asilipie taa.

Kenya haikosi urithi katika jambo hili. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha mpango wa madaktari wa ndege ambao baadaye ulikuja kuwa shirika la AMREF. Wazo lao lilikuwa jepesi kulieleza: iwapo mgonjwa hawezi kuja kwa daktari, basi daktari aruke kwenda kwa mgonjwa. Tangu hapo ndege zinazoondoka uwanja wa Wilson jijini Nairobi zimetua katika viwanja vya murram vya kila pembe ya nchi, na kituo chao cha kupokea miito ya dharura huwa wazi usiku na mchana. Simu ya mama wa Takaba itapokelewa hata saa nane za usiku. Daktari ataamshwa na ndege itajazwa mafuta. Kisha wote watakaa kulisubiri jua, kwa sababu huko waendako hakuna taa wala mtu aliyekabidhiwa kiwanja.

Uzito wa kusubiri huko unaonekana katika takwimu. Makadirio yaliyotokana na sensa ya 2009 yalionyesha kwamba katika Kaunti ya Mandera wanawake 3,795 walikuwa wakifariki kwa sababu za uzazi katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, idadi iliyowashtua hata waliozoea kusoma takwimu za vifo. Makadirio ya sensa ya 2019 yaliishusha sana idadi hiyo, lakini Kaskazini Mashariki iliendelea kuwa miongoni mwa sehemu zenye hatari kubwa zaidi kwa mzazi nchini. Si haki kusema kwamba vifo hivyo vyote vilitokana na viwanja vya ndege kufungwa usiku. Vimetokana na umbali, upungufu wa wakunga waliosomea kazi, uhaba wa damu na umaskini. Lakini wataalamu wa afya ya uzazi hukubaliana kwamba mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki katika muda wa saa chache tu. Usiku wa Ikweta una saa kumi na mbili. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu.

Barabara nayo haitoi faraja. Tangu mashambulizi ya Novemba 2014, basi lililotoka Mandera liliposimamishwa na abiria 28 kuuawa, safari za nchi kavu katika kaunti hizi zimekuwa za misafara, za kusindikizwa na polisi na za kungoja kupambazuke. Baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, lililoua watu 148, amri ya kutotembea nje iliwekwa katika Garissa, Wajir, Mandera na Tana River tangu magharibi hadi alfajiri. Mvua nazo hufunga barabara kwa njia yake. Wakati wa El Niño ya mwaka 1997 na 1998, mwishoni mwa 2006, na tena Novemba 2023, maji yaliikata barabara ya Garissa, na watu wakavuka kwa mashua mahali ambapo magari yalikuwa yakipita juzi yake. Kwa hiyo kuna nyusiku ambazo nchi kavu imefungwa na anga nayo imefungwa, na mgonjwa amebaki katikati kama mfungwa asiye na kosa.

Ifahamike pia kwamba kufungiwa si jambo geni kwa watu wa eneo hili. Tangu enzi za mkoloni, eneo lililoitwa Northern Frontier District lilitawaliwa kama nchi iliyotengwa, na mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila kibali. Uhuru wa 1963 ulifika pamoja na hali ya hatari, ambayo haikuondolewa hadi 1991. Kwa karibu miaka 30 mkazi wa Garissa alijifunza kwamba njia, saa na ruhusa ni mali ya serikali.

Na kiwanja cha ndege ndicho mahali ambapo somo hilo liliandikwa kwa damu. Mnamo Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na mji wa Wajir, wakawekwa juani kwa siku kadhaa bila maji wala chakula, na wengi wakauawa. Kwa miaka mingi serikali ilikiri vifo 57 tu, ilhali manusura walitaja idadi iliyo kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 iliyaweka mauaji yale katika kumbukumbu rasmi za taifa. Kwa mkazi wa Wajir neno “kiwanja cha ndege” halina maana nyepesi kama ile anayoipa msafiri wa Nairobi. Ni ardhi ya dola. Ni mahali ambapo raia aliwahi kupelekwa kufa. Kukifanya kiwanja cha namna hiyo kuwa mahali ambapo raia hupelekwa kuponywa, tena saa ambayo dola yenyewe imelala, kungekuwa ni kuugeuza msamiati wa eneo zima.

Yapo mapingamizi, nayo yanastahili kujibiwa kwa heshima kwa sababu hayatoki kwa wajinga.

Pingamizi la kwanza ni la marubani wenyewe. Kutua usiku katika uwanja wa murram ni hatari. Juu ya nyika isiyo na taa, rubani huona nukta chache za nuru ndani ya weusi mtupu, na macho humdanganya kwamba yuko juu zaidi ya alipo. Mbuzi, ngamia na punda hupenda kulala juu ya ardhi tambarare yenye joto la mchana. Karibu na mji wa Garissa wako hata twiga, wanaohifadhiwa Bour-Algi, nao hawasomi ratiba. Aidha, historia ya viwanja vidogo vya Kenya imekwisha kuonyesha kwamba hata mchana havina huruma. Tarehe 24 Januari 2003 ndege iliyoanguka ilipokuwa ikiondoka Busia ilimuua Waziri wa Kazi, Ahmed Khalif, aliyekuwa mbunge kutoka Wajir. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi ilianguka Marsabit na kuua watu 14, wakiwamo wabunge. Je, ni busara kuongeza giza juu ya hatari hizo?

Jibu ni kwamba hatari hizi ndizo sababu ya kuandika utaratibu. Mahali pasipo na utaratibu, usiku wa dharura huamuliwa kwa huruma na papara: baba wa mgonjwa analia kwenye simu, rubani ana moyo mwema, na ndege inajaribiwa kushushwa kwa taa za pikipiki mbili. Utaratibu huziwahi hatari kabla ya usiku wenyewe. Husema ni viwanja gani vimekaguliwa na vinafaa, ni taa ngapi na zipangwe vipi, nani afukuze mifugo na lini, na ni rubani gani amefunzwa. Tena usiku una neema yake ambayo wengi hawaijui. Hewa ya moto ni nyepesi, na katika joto la alasiri la Garissa ndege hupata taabu kunyanyuka ikiwa na mzigo. Hewa baridi ya usiku huishika ndege vizuri zaidi. Na katika yote hayo, neno la mwisho liwe la rubani. Utaratibu huu usimlazimishe kuruka. Umpe tu sababu nzuri ya kusema ndiyo, na umwondolee lawama anaposema la.

Pingamizi la pili ni la usalama, nalo ndilo zito. Eneo hili limepakana na Somalia. Al-Shabaab wameua walimu, askari, abiria na wanafunzi. Nani asiyejua kwamba kiwanja kilichofunguliwa usiku kinaweza kupokea silaha, magendo na watu wasiotakiwa?

Hoja hii ina ukweli ndani yake, lakini inadhania jambo lisilokuwapo, yaani kwamba kiwanja kilichofungwa usiku kinalindwa. Kiwanja cha murram kisichokuwa na uzio, taa wala mlinzi hakijafungwa, kimeachwa. Mwenye nia mbaya haombi ruhusa, na kukosekana kwa ruhusa hakumzuii. Anayezuiwa na kanuni ni yule peke yake anayeiheshimu: rubani wa ndege ya wagonjwa. Shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa lilianza alfajiri, kabla ya jua. Shambulizi la kambi na kiwanja cha Manda Bay katika Kaunti jirani ya Lamu, tarehe 5 Januari 2020, nalo lilianza kabla ya kupambazuka, na Wamarekani watatu wakauawa. Adui amekwisha kuuchagua usiku. Kiwanja chenye mlinzi wa zamu, taa zinazowaka kwa amri ya mtu anayejulikana, na daftari linalosomwa kila mwezi kina usalama zaidi kuliko kiwanja kilichoachiwa fisi. Na siku ambayo askari waliojeruhiwa watahitaji kuondolewa usiku, taa zilizowekwa kwa ajili ya mama mzazi ndizo zitakazowaokoa.

Pingamizi la tatu husemwa kwa sauti ya upole: kwa nini kuhangaika na ndege? Jengeni hospitali. Hapana shaka kwamba chumba cha upasuaji kilicho karibu ni bora kuliko ndege iliyo bora kabisa. Lakini hospitali haijengwi kwa usiku mmoja, na daktari wa upasuaji hafunzwi kwa mwaka mmoja. Taa za jua zinazobebeka zinaweza kuwekwa ndani ya sanduku na kufikishwa Elwak kwa gari moja. Mgonjwa haulizwi uji, wala haambiwi asubiri mpishi ahitimu chuoni.

Linalobaki ni kuuliza: nani mwenye jukumu? Hapa ndipo Katiba ya 2010, kwa nia njema, ilipoacha ufa. Jedwali la Nne liliikabidhi serikali ya kaunti huduma za afya, na likataja waziwazi kwamba gari la wagonjwa ni la kaunti. Jedwali hilohilo likabakisha usafiri wa anga mikononi mwa serikali ya taifa. Kwa hiyo mgonjwa ni wa kaunti hadi afike ukingoni mwa kiwanja, na akivuka ukingo huo amekuwa wa taifa. Ofisi moja ina mgonjwa lakini haina kiwanja. Nyingine ina kiwanja lakini haina mgonjwa. Kifungu cha 43 cha Katiba hiyohiyo kinasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Hakikuongeza maneno “ila baada ya jua kutua”.

Ufa huu unaweza kuzibwa bila kusubiri marekebisho ya Katiba. Yatoshe mambo manne.

Kwanza, kila kaunti kati ya hizi tatu ichague viwanja vichache, siyo vyote, vilivyo karibu na zahanati zenye wagonjwa wengi, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya ivikague kwa ajili ya matumizi ya usiku ya ndege za wagonjwa pekee.

Pili, kila kiwanja kilichochaguliwa kiwe na seti ya taa za jua zinazobebeka, zihifadhiwe hospitalini au katika kituo cha polisi, na zijaribiwe kila mwezi. Taa ambayo haijaribiwi ni pambo. Zipo nchi, Marekani ikiwa mojawapo, ambako rubani huziwasha taa za kiwanja kwa kubonyeza kitufe cha redio yake akiwa angani. Elwak haihitaji kufika huko leo. Inahitaji vijana wanne waliofundishwa kupanga taa kwa mstari na kuwaondoa punda.

Tatu, awepo mtu wa zamu anayelipwa na kaunti, mwenye namba moja ya simu iliyobandikwa ukutani katika kila zahanati. Wakati huu, mahali ambapo hakuna utaratibu ulioandikwa, kufahamiana ndio utaratibu. Anayemjua mkubwa atampigia mkubwa, na anayejua mbuzi wake tu atasubiri alfajiri. Mlango wa dharura usiojulikana na wote huwa ni mlango wa wachache.

Nne, liwepo daftari. Kila usiku ambao kiwanja kimefunguliwa iandikwe nani aliomba, nani aliruhusu, ndege gani ilitua, ilimchukua nani na kumpeleka wapi. Kila usiku ambao ombi limekataliwa iandikwe pia, pamoja na sababu. Daftari hilo lifikishwe mbele ya bunge la kaunti. Ndilo litakalowazuia walanguzi, na ndilo litakalowazuia wenye vyeo kuigeuza taa ya mgonjwa kuwa taa ya safari zao. Zaidi ya hayo, ndilo litakaloihesabia nchi, kwa mara ya kwanza, ni wagonjwa wangapi huachwa wakisubiri jua.

Anayeishi Garissa anajua kwamba mji ule haulali mapema. Joto la mchana huwafukuza watu barabarani, na jua likishatua ndipo maisha yanaporejea: vibanda vya chai hujaa, nyama huchomwa, wazee huketi kwenye mikeka, na katika mwezi wa Ramadhani mji huwa macho hadi daku. Usiku wa pale si wakati wa kufa kwa shughuli. Ni wakati wa kupumua. Kinacholala ni kiwanja peke yake, nacho kimelazwa na kanuni iliyotungwa kwa ajili ya macho ya rubani bila kuyauliza macho ya mgonjwa.

Jua litaendelea kutua saa kumi na mbili. Lugha ya Kiswahili ililikubali jambo hilo zamani, ikaanza kuhesabu upya: saa moja ya usiku, saa mbili ya usiku, saa tatu, kila saa na jina lake, kila saa na kazi yake. Haikusema kwamba saa zilizo gizani hazimo katika hesabu. Viwanja vya ndege vya Kaskazini Mashariki navyo vifundishwe kuhesabu hivyo. Mama wa Takaba hajaomba jua lisimamishwe. Anaomba mtu mmoja mwenye ufunguo, taa zilizopangwa kwa mstari, na simu itakayopokelewa.